Barua za Shamba: Uliza Kabla Hujafyeka

Barua za mwezi huu karibu zote zinatoka kwa watu wa mjini waliohamia shamba, wengine wamestaafu, wengine wamechoshwa na kodi ya nyumba. Tumechagua saba. Zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Shamba lina mikarafuu na minazi. Nilipe?

*Assalaam alaykum. Nakaa Magomeni. Nimepata shamba upande wa Bumbwisudi, eka moja na robo, ndani mna mikarafuu na minazi. Muuzaji amenionesha karatasi ya kuandikiana kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Bei tumekubaliana. Kuna la kuogopa?*
M.S., Magomeni, Unguja

Wa alaykum salaam. Lipo, tena si moja. Huku kwetu Zanzibar shamba si kitu kimoja: ardhi ina mwenyewe na miti ina mwenyewe, na wawili hao si lazima wawe mtu mmoja. Babu aliweza kumpa mtoto wa dada yake minazi kumi aiangue maisha yake yote, ardhi ikabaki kwa wanawe. Ukinunua bila kuuliza, msimu wa karafuu utaona watu wanaingia na majamvi na ngazi, na watakuwa na haki yao.

Basi kabla ya fedha kutoka mfukoni, tembea shamba zima na muuzaji pamoja na majirani wa pande zote nne. Hesabuni miti mmoja mmoja, mpige alama ya chokaa, na muandike: mikarafuu mingapi, minazi mingapi, miembe na mifenesi mingapi, na kila mti ni wa nani. Fuateni mpaka kwa miguu. Pengi mpaka ni mstari wa mibono au mti mkubwa unaojulikana na kila mtu isipokuwa mgeni. Jirani aliyekubali mpaka mbele ya wenzake ni vigumu kuukana baadaye.

Halafu uliza maswali matatu. La kwanza: hili ni eka ya Serikali? Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi yaligaiwa eka tatu tatu. Aliyepewa alipewa alime, hakupewa auze, na shamba la namna hii ndilo linaloleta kesi nyingi. La pili: ni wakfu? Kama ni wakfu, pa kuuliza ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, si kwa anayeishi humo. La tatu: ni urithi? Kama ni urithi, warithi wote watie saini, akiwemo dada aliyeolewa Mombasa na ndugu aliye Maskati. Saini ya kaka mkubwa haitoshi. Dada husahauliwa sana, na ndiye anayerudi na mahakama.

Hiyo karatasi ya sheha inasema tu kwamba sheha ameshuhudia. Haikupi haki ya matumizi. Kisheria ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na kwa sheria ya 1992 mtu huwa na haki ya kuitumia. Haki hiyo haihami kwa mkono tu, hupitishwa kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Anza kwa sheha, naam, kwani bila yeye huendi popote, lakini usiishie kwake. Lipa sehemu ndogo mbele ya mashahidi na uache iliyobaki mpaka haki ipite.

Nyongeza kwa walioazimwa shamba badala ya kuuziwa, maana nao wameandika. Ukiazimwa, panda muhogo, viazi, mahindi, mbaazi. Usipande mti wa kudumu, hata mnazi mmoja wa kivuli. Kwa desturi ya hapa anayepanda mti anaonekana anadai mahali, na mwenye shamba atakutoa kabla mti haujamfika kiunoni. Na ukiwa wewe ndiye unayemuazima mtu, kumbuka hilohilo jirani anapokuomba pahala "pa kuchomeka migomba miwili mitatu".

Ukifanikiwa na ukavuna, karafuu hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, peke yake. Mnunuzi anayekuja na gari usiku anakuletea kesi, hata bei yake iwe nzuri vipi.

Maji moto wamejaa kwenye minazi

*Nimerudi Pemba baada ya miaka mingi mjini. Shamba lina minazi kama arubaini. Vidaka, zile nazi changa kabisa, vinaanguka kila siku, na miti imejaa maji moto, wale sisimizi wekundu, hata mkwezi anakataa kupanda. Nimenunua dawa ya kupulizia. Nipulize asubuhi au jioni?*
Mstaafu, Mtambile, Pemba

Usipulize kabisa. Dawa hiyo itaua kinachokulindia minazi.

Okota vidaka ishirini vilivyoanguka leo. Toa kile kikofia cha juu, kisha tazama nyama chini yake na ubavuni. Ukiona madoa ya kahawia yaliyobonyea, na pengine utomvu uliokauka kama gundi, vidaka hivyo vimefyonzwa. Mfyonzaji ni mdudu wa jamii ya kunguni, mwekundu wa kahawia, urefu wake kama sentimita moja na robo. Mate yake ni sumu kwa kidaka. Wawili watatu tu kwenye mnazi mmoja hutosha kukutia hasara, ndiyo maana utapanda na usimuone, ukadhani hayupo. Kama vidaka ni visafi bila doa, basi ni kiu ya kiangazi, au ni mnazi wenyewe unajipunguzia. Mnazi hauwezi kulea kila kidaka ulichozaa.

Sasa maji moto. Wale wekundu wanaoshona majani ni adui mkubwa wa kunguni huyo. Mnazi wenye maji moto wa kweli kileleni hushika vidaka vyake mpaka vikawa vitale, madafu, makoroma, nazi. Utafiti wa jambo hili umefanyika hapahapa Zanzibar tangu kabla ya Uhuru, na wakulima wazee walikuwa wakilijua bila utafiti.

Utauliza, mbona wapo na vidaka vinaanguka? Tazama shina, chini kabisa. Yumkini utakuta sisimizi wadogo wa kahawia wametoboa udongo kuzunguka mizizi. Hao hupigana na maji moto na kuwashinda. Basi huenda maji moto unaowaona wako kwenye mchungwa na mwembe wa pembeni, na minazi yenyewe inamilikiwa na wale wadogo. Hesabu mnazi kwa mnazi: upi una viota vya majani yaliyoshonwa kileleni, upi hauna. Kisha linganisha na vidaka vilivyo chini ya kila mmoja. Kazi ya asubuhi moja, na inajibu swali.

Cha kufanya:

Usifyeke shamba likabaki jeupe. Palipo na majani, sisimizi wale wadogo hupata chakula chini na hawana haja ya kupanda. Fyeka duara la mita moja na nusu kuzunguka kila shina, kwingine acha majani ya kimo cha kifundo cha mguu.

Unganisha vilele. Funga kamba ya usumba kutoka mti wenye maji moto hadi mnazi usio nao, juu, isiguse ardhi. Watavuka wenyewe bila kupita kwa wadogo.

Ukitaka kuwahamisha, kata viota alfajiri wakiwa wamelala na baridi, vitie kwenye gunia lililofungwa barabara, na uvitundike kwenye mnazi mpya asubuhi hiyohiyo. Chukua viota vingi vya kundi moja. Ukichanganya makundi mawili watauana, na ukichukua viota vichache bila malkia wao watafifia baada ya wiki chache. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Mchungwa, mwembe au mshokishoki mmoja mmoja kati ya minazi huwapa makao mazuri. Kwenye mikarafuu wana lawama yao: hulea wadudu wafyonzao utomvu kwenye majani, na wachumaji wanawachukia. Lakini wewe una minazi.

Mkwezi ajipake majivu mikononi na miguuni, na umuongeze kidogo kwa kila mnazi. Ni haki yake.

Umeandika pia kwamba majani ya minazi miwili yana mikato ya pembe kama yamekatwa kwa mkasi. Hiyo ni kazi ya chonga, mbawakawa mwenye pembe, na maji moto hawamuwezi. Mtoe kwa waya wenye kulabu kwenye tundu alilotoboa kileleni. Kisha tafuta anapozaliwa: magogo ya minazi iliyokufa na lundo la samadi la zamani. Pasua magogo, uyachome, pindua samadi, na mafunza meupe manene utakayoyaona wape kuku.

Kisima kimegeuka chumvi

*Kisima changu Jambiani kina kina cha mita 6. Mwanzo maji yalikuwa matamu. Nilipotia pampu ya umeme kujaza tangi la lita 5,000, wiki ya tatu yamekuwa chumvi. Jirani, hatua arubaini kutoka kwangu, anateka kwa ndoo na yake ni matamu. Fundi anasema tuchimbe zaidi.*
Mgeni wa Jambiani

Mlipe fundi chake, muagane. Ukichimba zaidi utaifuata bahari.

Upande wenu ni maweni, jiwe la matumbawe lenye matundu. Maji ya mvua yaliyozama humo hayakai juu ya jiwe kavu, yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kama mafuta juu ya maji. Kwa hesabu za wataalamu, ukiyashusha maji matamu sentimita 10, maji ya chumvi chini yake hutaka kupanda mita 4. Pampu yako inashusha kwa saa moja kile ambacho ndoo ya jirani haikishushi kwa siku nzima. Tofauti yenu haiko kwenye mahali.

Zima pampu, ukiweza mpaka masika yamalizike. Mvua itayasukuma maji ya chumvi chini, polepole. Wakati wa kiangazi, bahari ikiwa imekupwa, pima maji yaliyobaki kisimani. Yakizidi mita moja, umechimba kuliko haja. Rudishia mawe na zege chini mpaka ibaki mita moja. Huko pwani maji ya kisima hupanda na kushuka na bahari, basi onja siku za bamvua, ndipo utakapojua ukweli wake.

Pampu ukiirudisha, iwe ndogo. Mdomo wa paipu ufunge kwenye dumu tupu la lita 5 ili uelee, uvute sentimita 30 tu chini ya uso wa maji badala ya kulala chini kabisa. Vuta lita 200 asubuhi na 200 jioni. Tangi la lita 5,000 lijaze kwa siku kumi na tatu, si kwa saa tatu. Na wenye mashine za petroli: haziteremshwi kisimani hata siku moja, moshi wake unaua aliye chini kabla hajapiga kelele.

Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kiwe upande wa pwani, kisima upande wa bara, kwani maji ya chini hutembea kuelekea baharini. Katika maweni hata mita 30 si kinga kamili, uchafu hupita kwenye nyufa bila kuchujwa. Shimo la choo lijengwe kwa matofali na kupigwa plasta ndani mpaka chini.

Maji ya kunywa yatoe juu ya bati. Paa la mita 8 kwa 7 lina mita za mraba 56. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 560, toa yanayopotea, ibaki kama 450. Watu sita kwa lita 5 kila mmoja za kunywa na kupikia ni lita 30 kwa siku, kwa Januari na Februari zote ni lita 1,800 hivi. Tangi la lita 2,000 lililojaa mwisho wa vuli linakuvusha. Mfereji uinamishe sentimita 1 kwa kila mita, maji ya mwanzo ya kila mvua, kama lita 30, yamwage kwani yamesafisha kinyesi cha kunguru, na mdomo wa tangi ufungwe chandarua cha mbu. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, maji yake hutoka rangi ya chai.

Muhogo umenawiri lakini ndani umeoza

*Tumelima nusu eka Kiboje. Miti mirefu, majani mazuri. Tulipong'oa, ndani muhogo una mabaka ya kahawia, magumu, hauliki. Udongo una nini?*
Mume na mke, Kiboje, Unguja

Udongo hauna kosa. Ni michirizi ya kahawia, maradhi ya virusi yanayosambazwa na nzi weupe, lakini yanaingia shamba jipya zaidi kwa vipando. Ndugu yake, batobato, hujionesha mapema kwa majani kukunjana na kuwa na madoa ya njano, basi mtu humkimbia. Michirizi ni mjanja: majani ya chini hupata njano kidogo kando ya mishipa, mkulima akasema ni uzee.

Mmepata vipando wapi? Kwa kawaida mgeni hupewa bure, na vya bure ni vya mti ulionawiri, sio vya mti uliochunguzwa. Mwakani chukueni mbegu kwa mtu aliyeng'oa mbele yenu na mkakata muhogo vipande mkauona mweupe mpaka ncha. Ulizeni mbegu ziitwazo Kizimbani, Machui, Mahonda na Kama, zilizotolewa na watafiti wa kilimo wa Kizimbani kwa sababu zinastahamili maradhi haya. Kateni sehemu ya kati ya mti wa miezi 10 hivi, kipando cha sentimita 25 chenye macho matano hadi saba. Nafasi mita 1 kwa 1, nusu eka inakula vipando 2,000. Kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo piteni mkang'oe na kuchoma kila mche wenye dalili. Na muhogo msiuache ardhini miaka miwili kama akiba, kila mwezi unaozidi mabaka yanazidi.

Mabua ya mwaka huu yachomeni yote. Msimpe jirani.

Kuku thelathini wamekufa ndani ya wiki

*Walianza kuhara kijani, wengine shingo imepinda. Tulichinja wagonjwa tukala, waliobaki tuliwapa vitunguu thaumu.*
Msomaji, Konde, Pemba

Ni mdondo, na hauna dawa. Una chanjo tu. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kila miezi mitatu, kuku wote siku moja pamoja na vifaranga. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, changeni na majirani, na hiyo ndiyo faida kubwa zaidi, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye mlango. Msichanje kuku walioanza kuumwa, mtaipa chanjo lawama bure. Kuchinja wagonjwa na kutupa manyoya na matumbo jaani ndiko kulikomaliza banda. Vyote vifukiwe. Kuku mpya kutoka sokoni akae peke yake siku 14.

Nimejenga ukuta, watu hawanisalimii

*Niko Donge mwaka wa pili. Nimezungusha ukuta shamba langu lote. Majirani wamenuna na sijui nimewakosea nini.*
A.H., Donge, Unguja

Umefunga njia. Hujaandika hivyo, lakini katika shamba zima lazima ilikuwepo: ya kwendea kisimani, msikitini, skuli au makaburini. Kila siku mama mwenye ndoo kichwani anazunguka ukuta wako.

Mwendee sheha, umuombe awaite wazee, uulize njia ilipita wapi. Usiwaambie ungependa ipite wapi. Vunja ukuta hapo: mita moja na nusu kwa waendao kwa miguu, mita tatu kama gari ya ng'ombe ilikuwa ikipita. Kama ndani mna makaburi, wenyewe waingie watakapo kuyasafisha bila kukuomba funguo.

Makuti yaliyoanguka na kuni kavu, watu walikuwa wakiokota. Sema wazi: makuti chukueni, nazi zilizoanguka niachieni. Wataheshimu, kwani ni makubaliano yanayojulikana. Kukaa kimya kwako ndiko kunakosomeka kama uchoyo. Kukiwa na msiba nenda siku hiyohiyo, usingoje khitma, na mchango mpe anayeandika. Ukifika na gari, shuka mbali kidogo.

Paa la makuti linavuja baada ya miaka miwili

*Fundi alisema litadumu mitano.*
Msomaji, Makunduchi, Unguja

Simama ndani mchana uangalie mwanga unapopenya. Ukipenya kila mahali, viungo, yaani makuti yaliyoshonwa kwenye fito, vimepangwa mbali mbali ili vitoshe: kutoka kimoja hadi kingine isizidi nusu shibiri. Ukipenya upande mmoja tu, tazama juu kama kuna tawi linalodondosha maji hapo, likatwe. Kama paa limelala kuliko pembe ya nyuzi 45, hakuna kiungo kitakachokuokoa, maji hayateremki upesi na makuti huoza yakiwa mabichi. Hapo ni kupandisha kenchi. Na kama jiko limehamishwa nje, jua kwamba moshi ndio uliokuwa ukifukuza wadudu. Si lazima ulirudishe, maana cheche na makuti havikai pamoja, ila paa lisilopata moshi lihesabie mwaka mmoja pungufu.